Siku Baada ya Kambi: Wakfu za Hisani na Afya ya Wasiofikiwa Katika Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Kapsoit ni soko la kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, katika eneo bunge la Ainamoi. Mkaazi wa hapa akiugua ana milango mitatu ya kubisha. Wa kwanza ni wa kampuni za chai, zilizojenga hospitali na zahanati kwa ajili ya wafanyakazi wao. Wa pili ni wa misheni: Kipchimchim iliyo karibu, Litein, Kaplong upande wa Sotik, na Tenwek huko Bomet. Wa tatu ni wa serikali, ambayo tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 ni serikali ya kaunti, yenye zahanati vijijini na hospitali ya rufaa mjini Kericho. Anayeangalia ramani atasema eneo hili limebarikiwa. Lakini mlango wa kwanza hufunguliwa kwa kadi ya kazi, wa pili kwa pesa au bima, na wa tatu, ulio wazi kwa wote kisheria, mara nyingi hukosa mhudumu au dawa ndani yake. Mkulima mwenye ekari moja ya chai, kibarua aliyepunguzwa kazi, mama mboga, kijana wa bodaboda na nyanya anayelea wajukuu wanaishi katikati ya milango hiyo. Hao ndio maandishi ya miradi huwaita jamii zisizofikiwa, na hao ndio walengwa wa wakfu za hisani zinazokuja kila mwaka na nia njema.

Namna wakfu hizo zinavyokuja inafahamika: ni kambi ya matibabu. Uwanja wa shule hupigwa mahema, chifu hutangaza barazani, foleni huanza alfajiri. Watu hupimwa presha, sukari, macho na meno. Wengine huchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Dawa za minyoo na za maumivu hugawanywa. Jioni hesabu hutolewa: waliohudumiwa ni mamia, pengine maelfu. Hesabu hiyo ni ya kweli na waliohudumiwa wanashukuru kwa dhati. Ninachotaka kujadili ni kinachotokea siku inayofuata, mwanamke aliyeambiwa kwamba presha yake imepanda anaporudi nyumbani na vidonge vya wiki mbili kwa ugonjwa wa maisha yote.

Hoja ninayoitetea ni kwamba maradhi yanayowaua na kuwalemaza watu wa nyanda hizi kwa sasa ni yale yanayohitaji mtu mmoja arudi mahali pamoja kwa miaka, na kwamba wakfu wa hisani unaotaka kuboresha afya hapa unapaswa kununua mwendelezo huo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Nasema hivi nikijua kwamba mwendelezo haupigwi picha vizuri, haukatiwi utepe, na mara nyingi humfanya mfadhili asionekane.

Lango la shamba

Chai ya kibiashara ilishika mizizi Kericho katikati ya miaka ya 1920, kupitia Brooke Bond na kampuni ya James Finlay, kwenye ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Walitolewa kwenye nyanda za baridi wakapelekwa kwenye mbung'o na mbu. Anayeandika historia ya afya ya Kericho akianzia na hospitali ya kwanza ameacha ukurasa wa mwanzo, kwa sababu tendo kubwa la kiafya la miaka ile lilikuwa kuamua nani aishi wapi.

Mashamba ya chai yalihitaji wafanyakazi wenye nguvu, na malaria ya milipuko ilikuwa adui wa uzalishaji. Kampuni ziliweka zahanati mashambani na hospitali kuu, zikaweka kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu ambao serikali haikuwa nao. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mtu anayechunguza uhusiano wa malaria na tabianchi, popote alipo duniani, hukutana na jina la Kericho. Mwaka 1998 watafiti walitumia kumbukumbu za hospitali ya Brooke Bond kuonyesha kwamba malaria ya milipuko ilikuwa imerudi katika nyanda za juu baada ya miongo ya utulivu. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa ya nyanda hizo haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza ongezeko hilo, na wengine wakanyooshea kidole usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walirudia vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, wakakuta joto limepanda kwa karibu nyuzi 0.2 kila muongo. Mjadala huo mkubwa, uliogusa sera za dunia nzima, ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya madaftari ya wagonjwa wa kampuni moja ya chai.

Nje ya lango hakukuwa na daftari la namna hiyo. Jirani wa shamba aliyekufa kwa homa ileile, mwezi uleule, hakuingia katika mchoro wowote wa kisayansi. Kumbukumbu zilimfuata mwajiri, na tiba ilifuata kumbukumbu. Ndiyo maana nasita ninaposikia eneo hili likiitwa maskini wa huduma. Huduma ilikuwepo, tena nzuri kwa kipimo cha wakati wake, ila ilikuwa na ukingo ulionyooka kama ua wa msonobari.

Ukingo huo sasa unasogea na kuwaacha nje hata waliokuwa ndani. Mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi ya mikono mingi, jambo lililozua ghasia na uchomaji wa mashine mwaka 2023. Mashamba yenyewe yamebadili wenyewe: ya Finlays na yale yaliyokuwa ya Unilever yamepita kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka katika mauzo ya miaka ya 2023 na 2024. Mchuma chai anayepoteza kazi hupoteza siku hiyohiyo nyumba, maji ya bomba na zahanati. Anarudi kwao, pengine Kapsoit, pengine mbali zaidi, akiwa na presha iliyokuwa ikidhibitiwa na muuguzi wa kampuni, na faili lake halimfuati. Zahanati ya kaunti inampokea kama mgonjwa mpya. Sijaona wakfu wowote ukitangaza mradi wa kuhamisha mafaili ya wagonjwa, ingawa nadhani ni miongoni mwa kazi za bei nafuu na zenye faida kubwa zinazoweza kufanywa katika kaunti hii.

Koo la mtoto na vali ya moyo

Ugonjwa unaoonyesha hoja yangu kuliko mwingine wowote ni ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Huanza kwa jambo dogo: mtoto wa umri wa kwenda shule anaumwa koo kwa sababu ya bakteria wa streptokoka. Wengi hupona bila dawa. Kwa baadhi yao mwili, katika kupigana na bakteria, hugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Mashambulizi yakirudi mara kadhaa, vali hukakamaa au huvuja, na msichana aliyekuwa akikimbia kwenda shule anaanza kuchoka akipanda mlima. Mara nyingi hugunduliwa akiwa na mimba, wakati moyo umeshindwa kubeba mzigo wa damu ulioongezeka. Umaskini, nyumba zenye msongamano na kuchelewa kufika kwa muuguzi ndivyo vinavyoulea ugonjwa huu, na ndiyo sababu umekaribia kutoweka katika nchi tajiri ukabaki kwetu. Mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuukabili.

Kinga yake ni penisilini ya benzathini, dawa ya zamani na ya bei ya chini, inayodungwa msulini kila baada ya wiki tatu au nne. Mtoto aliyekwisha kushambuliwa hudungwa hadi atimize miaka 21 au miaka kumi tangu shambulio la mwisho, na mwenye vali zilizoharibika vibaya huendelea zaidi ya hapo. Sindano kila wiki nne ni sindano 13 kwa mwaka. Mtoto anayeanza akiwa na miaka kumi na kudungwa mpaka 21 atakuwa amepata zaidi ya 140. Kila moja inataka dawa iwe kwenye kabati, muuguzi awe zamu, nauli ipatikane, mwalimu akubali mtoto akose kipindi, na mzazi aamini kwamba mtoto asiyeonekana mgonjwa anastahili maumivu ya sindano ile nene.

Ushahidi kwamba inawezekana umetoka kwa majirani. Katika utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022, watoto na vijana 818 waliokutwa na dalili za awali za ugonjwa huu kwa kipimo cha mawimbi ya sauti waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa penisilini, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Mbali na dawa yenyewe, waliosimamia utafiti ule walijenga mfumo wa kuwafuata watoto, kuwaunganisha katika vikundi na kuhakikisha hakuna anayepotea. Ondoa mfumo huo, ubaki na penisilini peke yake, na takwimu zile hazipatikani.

Sasa tuitazame Tenwek. Hospitali hii, iliyoanza mwaka 1937 chini ya wamisionari wa World Gospel Mission, ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila daktari mkaazi, hadi Ernest Steury alipofika mwaka 1959. Mwaka 1983 ilianzisha mpango wa afya ya jamii. Mwaka 1987 ikaanza kuzalisha umeme wake kwa maporomoko ya mto ulio jirani. Leo inafunza madaktari wapasuaji wa Kiafrika na ni miongoni mwa vituo vichache vya kanda hii vinavyopasua moyo mara kwa mara, kwa msaada mkubwa wa mashirika ya hisani kama vile Samaritan's Purse. Wagonjwa wengi wa upasuaji huo ni vijana wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Anayewaona wakitembea baada ya upasuaji hawezi kubeza kazi hiyo, na mimi siibezi.

Ila upasuaji haumalizi haja ya mwendelezo, huiongeza. Aliyewekewa vali ya chuma hana budi kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake, na kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu dozi ikizidi atavuja damu na ikipungua vali itaziba. Sindano za penisilini nazo zinaendelea. Kama anaishi Kapsoit, au kijiji cha ndani zaidi, kipimo hicho kinapaswa kupatikana kwa nauli anayoimudu. Wakfu unaolipia upasuaji bila kulipia kipimo cha miaka kumi inayofuata umeanzisha jambo ambalo hakuna aliyepewa jukumu la kulitimiza. Na wakfu uliolipia sindano 140 umezuia upasuaji ambao hakuna atakayejua kwamba ungehitajika. Hapo ndipo ugumu wa hisani ulipo: tendo bora zaidi halina shahidi. Msichana ambaye moyo wake haukuharibika hataitwa jukwaani kutoa ushuhuda.

Saratani ya koo, kwa ufupi

Bomet na Kericho zimo katika ukanda wa Afrika Mashariki unaojulikana kwa saratani ya umio, ambayo wengi huiita saratani ya koo. Mwaka 2002 madaktari wa Tenwek waliandika katika jarida la Lancet kuhusu jinsi ilivyokuwa ikiwapata hata vijana wa wilaya ya Bomet. Baadaye Michael Mwachiro na wenzake waliwachunguza watu 305 wa eneo hilo wasio na dalili yoyote na kukuta asilimia 14.4 wana mabadiliko ya seli yanayoweza kutangulia saratani. Chanzo bado kinachunguzwa. Mursik, maziwa yanayochachushwa kwenye kibuyu, imeshukiwa, kwa kuwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2013 vilikuta ndani yake kemikali ya asetaldehidi. Chai ya moto sana imeshukiwa pia. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Ni kejeli chungu kwa watu wanaoishi kwa chai, na ningemwonya mfadhili yeyote asikimbilie kuwahubiria wazee wa Kipsigis kuhusu kibuyu na kikombe chao kabla sayansi haijatulia.

Wakati huohuo mgonjwa anafika hospitali akiwa hamezi hata maji. Tenwek imewasaidia wengi kwa kuweka stenti, mrija unaofungua umio ili mtu ale siku zake zilizobaki. Baada ya hapo anarudi nyumbani, na kinachohitajika ni mofini ya maji na mtu wa kuipeleka. Sioni kambi ya matibabu ikitoa huduma hiyo.

Mfano unaonipinga na kunitetea

Msomaji makini atasema: mwendelezo umekwisha kununuliwa hapa, tena kwa fedha nyingi, na tumeona mwisho wake. Anazungumzia UKIMWI. Kericho imekuwa kituo cha utafiti na tiba cha Walter Reed, taasisi ya jeshi la Marekani ikishirikiana na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2004 fedha za PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kukabili UKIMWI, zilibeba huduma za ARV katika kusini mwa Bonde la Ufa. Mpango huo ulifanya karibu kila kitu ninachokitaka. Kila mgonjwa alikuwa na faili na tarehe ya kurudi. Aliyekosa tarehe alipigiwa simu, kisha akatembelewa. Maabara zilipata vitendanishi. Watafiti waliofuatilia wachuma chai wa Kericho walikuwa wameonyesha mwaka 2004 jinsi waliougua UKIMWI walivyopungukiwa kilo za majani kwa siku na kuongeza siku za ruhusa ya ugonjwa katika miezi ya mwisho kabla ya kuacha kazi. Utafiti uliofuata ukaonyesha walioanza ARV wakirudi kwenye mistari ya chai. Sijui mradi wa afya katika kaunti hii ulioacha alama kubwa kuliko huo.

Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na katika siku chache watumishi wa miradi kote Kenya walikuwa wameambiwa wabaki nyumbani. Mfumo uliojengwa kwa miaka ishirini ulijikuta ukisubiri barua kutoka Washington. Kwa hiyo pingamizi ni zito: mwendelezo unaolipiwa na mgeni ni mkopo, na mwenye mkopo anaweza kuuita wakati wowote. Tena, mfadhili anayelipa mishahara huifanya kaunti ijisahau, na Katiba ya 2010 ilisema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki haiombwi kwa mfadhili.

Nakubali pingamizi hilo, lakini naona linaelekeza kwingine. UKIMWI ulifundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba muuguzi, faili na dawa vikikutana kila mwezi watu wanaishi, na kwamba fedha za kuvikutanisha zilipita nje ya vitabu vya serikali. Kosa lilikuwa kwenye njia ya pesa. Kliniki ya UKIMWI ilikuwa na wafanyakazi wake, daftari lake, wakati mwingine hata jengo lake, huku mgonjwa wa presha akiketi kwenye benchi la upande wa pili wa ua uleule akiambiwa dawa zimekwisha. Mfumo uliosimama peke yake ulianguka peke yake.

Kenya ina kumbukumbu yake ya njia nyingine, ingawa haina mvuto wa kusimuliwa. Mwaka 2005, katika Mkoa wa Pwani, Danida, shirika la misaada la Denmark, ilisaidia jaribio la kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya. Kiasi kilikuwa kidogo. Kamati za vituo, zenye wanakijiji ndani yake, ziliamua matumizi: kibarua wa usafi, mafuta ya taa, nauli ya kwenda chanjo vijijini, kitasa cha mlango. Waliotathmini jaribio hilo walikuta wahudumu wamepata ari na huduma imeimarika. Mwaka 2010 utaratibu huo ulipanuliwa nchi nzima kwa jina la Hazina ya Huduma za Sekta ya Afya. Ugatuzi uliuvuruga, kwa sababu fedha za vituo vingi zilianza kuingia kwenye hazina kuu ya kaunti na kuchelewa humo, hadi sheria ya mwaka 2023 iliporudishia vituo haki ya kubaki na mapato yao. Mlango wa kisheria sasa upo. Wakfu unaweza kuweka fedha zake katika akaunti ya zahanati, zikaonekana kwenye vitabu vya umma, zikakaguliwa na mkaguzi wa umma, na zikapangiwa matumizi na kamati inayojua kwamba tatizo la zahanati hiyo ni muuguzi wa usiku na si mashine ya kisasa.

Hapo mfadhili hupoteza kitu, na tukiri hivyo. Hapati hema lenye nembo yake. Shilingi yake inachanganyika na ya kaunti na hawezi kusema mtoto gani alitibiwa na ipi. Bodi nyingi za wakfu haziwezi kuvumilia hilo. Naelewa, na ndiyo maana sidhani suala hili litatatuliwa kwa kuwaomba wafadhili wawe wanyenyekevu. Litatatuliwa kaunti ikiweka sharti: anayetaka kufanya kambi Kapsoit aeleze kwa maandishi ni kituo kipi kitawapokea waliogunduliwa na ugonjwa, na alipie dawa zao za mwaka mmoja katika kituo hicho. Kaunti ina uwezo huo. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika rasmi Mei 2024 baada ya kucheleweshwa zaidi ya muongo mzima, imerahisisha kuyatambua mashirika. Kilichobaki ni afisa wa afya wa kaunti kuthubutu kukataa zawadi isiyofaa.

Kambi inapofaa, na nani wa kukaa

Lazima niitendee kambi haki. Yapo maradhi yanayoisha kwa tendo moja. Mzee aliyepofushwa na mtoto wa jicho akipasuliwa anaona, na macho yake hayahitaji faili la miaka ishirini. Mdomo sungura, fistula, ngiri, jino bovu: hapo timu ya wataalamu inayokuja kwa wiki moja na kuondoka imefanya kazi kamili, mradi mwenye kidonda awe na pa kurudi. Chanjo pia. Ningependa wakfu zijenge desturi ya kujiuliza swali hilo moja kabla ya kukodi mahema: ugonjwa huu unaisha lini? Kama jibu ni jioni, kambi inafaa sana.

Kwa mengine anahitajika mtu anayekaa. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa vya kupima presha na sukari, na kila mmoja akikabidhiwa takriban nyumba mia moja. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni pesa kidogo, na hucheleweshwa. Lakini watu hawa wanaishi katika kokwet zao, yaani vitongoji vyao. Wanajua nani ana mimba, nani ameacha dawa, mtoto gani anarudi nyumbani akihema. Vipande vya kupimia sukari vikiisha kwenye mkoba, mkoba unakuwa pambo. Kununua vipande hivyo, mwezi baada ya mwezi, kwa kata moja kama Kapsoit, ni mradi unaoweza kubebwa hata na wakfu mdogo wa familia.

Kuna mashirika yaliyoelewa thamani ya kukaa. Brighter Communities Worldwide, shirika la Ireland lililoanza mwaka 2002 kwa jina la Friends of Londiani, limebaki katika kaunti hii ya Kericho miaka yote hiyo, likifanya kazi na wizara ya afya na wahudumu wa jamii katika afya ya uzazi, maji na majiko yasiyo na moshi. Mtu anaweza kujadili mengi kuhusu mashirika ya kigeni, na mimi hujadili. Hata hivyo, shirika linalokaa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini hukutana na matokeo ya makosa yake na hulazimika kuyarekebisha, jambo ambalo timu ya wiki moja haipati nafasi ya kulifanya. Wakulima nao wana fedha zao. Vyama vilivyosajiliwa chini ya Fairtrade hupata malipo ya nyongeza ambayo wanachama wenyewe huamua matumizi yake, na nimeona mijadala ya namna hiyo ikiwa mikali na yenye busara kuliko mikutano mingi ya bodi. Wakulima hudai hesabu kwa sababu pesa ni zao.

Namna ya kuripoti nayo lazima ibadilike. Ripoti ya mwaka ya wakfu unaofanya kazi ya moyo katika nyanda hizi isitaje kwanza idadi ya waliopimwa. Itaje watoto wangapi walioandikishwa kwa penisilini walipata sindano zote 13 za mwaka huo, wangapi walikosa moja, na wangapi walikosa tatu au zaidi. Zahanati ipi iliishiwa dawa, kwa wiki ngapi, na kaunti ilichangia shilingi ngapi kwa kila moja iliyotolewa na wakfu. Mwaka wa kwanza takwimu hizo zitaaibisha wengi. Zichapishwe hivyo hivyo, na zibandikwe kwenye ukuta wa zahanati, kwa Kiswahili na Kikipsigis, pale ambapo mhudumu wa jamii na mama wa mtoto wanaweza kuzisoma pamoja na kuulizana kuhusu wale waliokosa.